Ukucha wa Babu Krall

Tulipoachana wiki iliyopita, kidole gumba cha Elwood Krall kilikuwa kimesimama juu ya kadi, na mdomo wake ulikuwa umetoka kusema maneno yaliyomkausha mate Harlan Zerbe.

"Hii si kadi yangu."

Wewe uliyekosa gazeti, sogea nikueleze haraka, maana hawa hawatakusubiri. Elwood ni kipofu. Kisukari kilimnyang'anya macho akiwa mtu mzima, na tangu hapo Harlan, rafiki yake wa utotoni, ndiye macho yake. Kila Jumamosi asubuhi wanakaa jikoni kwa Elwood, hapa mjini kwetu Pottsville, wanafungua kabati, wanazitoa moja moja zile kadi za besiboli za zamani, za enzi zilipokuwa zikija ndani ya pakiti za sigara. Harlan anasoma, Elwood anapapasa. Mbele mchezaji, nyuma tangazo la sigara.

Mtu asiyejua huangalia sura ya mchezaji. Mkusanyaji huigeuza kadi kwanza. Otis Rademaker, mdakaji mwenye masikio makubwa, wa chapa ya sigara ya Nyota, utampata kwenye sanduku la kila bibi. Rademaker huyo huyo, picha ile ile, masikio yale yale, lakini nyuma ana chapa ya Korongo Mweusi, wenye kuishi na kadi wanaweza kuzeeka bila kumtia machoni. Harlan alikuwa na Rademaker wa chapa zote isipokuwa Korongo. Albamu yake ilikuwa na pengo moja tu, na pengo hilo lilimnyima raha kuliko jino bovu.

Korongo alikuwa kabatini kwa Elwood.

Basi Harlan, mtu mzima, mzee wa kanisa, alifanya alichofanya. Alimwachia kipofu Rademaker wa Nyota, akaondoka na Rademaker wa Korongo. Hakuna aliyeona. Nani angeona?

Sasa turudi jikoni, kahawa inapoa.

"Baba, unasema si yako, ni ya nani?" Nadine aliuliza. Huyu ni binti wa Elwood, ndiye anayekuja kumpikia baba yake na kufuta vumbi. Alikuwa ameshika kisu cha pai, pai ya molasi ya miwa iko mezani haijaguswa.

"Sijui ya nani. Rademaker huyu si wa babu." Elwood aliipeleka kadi puani, akainusa. "Babu Amos alikuwa wa mkono wa kushoto. Alipoichomoa kwenye pakiti aliibana kwa ukucha, hapa juu, ikabaki alama. Kidole changu kinaingia kwenye ule ukucha tangu nina miaka sita. Ukucha wa babu ulitazama nje. Huu unatazama ndani."

Harlan aliutazama ukucha wa gumba lake la kulia, akauficha chini ya meza.

Ndiyo, msomaji. Alikuwa ameipiga ile kadi ya Nyota alama ya ukucha kwa mkono wake mwenyewe, ili ifanane. Mtu aliyewahi kumfukuza mpwa wake mezani kwa kuishika kadi vibaya tu. Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu wote, na akaifanya kwa mkono wa kulia.

"Anko Harlan," Nadine alisema, "wewe una macho. Hebu itazame."

Na hapa ndipo alipoweza kuokoka. Koti lake lilikuwa limetundikwa nyuma ya kiti chake, na ndani ya mfuko wa koti alikuwemo Korongo mwenyewe, amefungiwa kwenye kasha gumu la plastiki na watu wanaopima kadi na kuzipa alama za ubora. Lilikuwa limefika kwa posta jana yake. Harlan alikuwa apitie ukumbi wa kikosi cha zimamoto mchana ule, kwenye mkutano wa wakusanyaji, awaoneshe wenzake albamu isiyo na pengo. Kauli moja tu ilihitajika. Angesema, Elwood, uko sahihi.

Aliichukua kadi. Akainua kioo chake cha kukuzia, akakiweka jichoni ili apate muda.

"Ni yenyewe," alisema.

"Una hakika?"

"Rademaker, glovu kifuani, masikio kama milango ya gari la posta. Nyuma Korongo Mweusi. Ukucha upo juu kushoto. Ni ile ile, Elwood, hakuna aliyeigusa."

Alitegemea ubishi. Elwood ni mbishi. Amewahi kugombana na mchungaji juu ya wastani wa mapigo ya mpigaji wa besiboli aliyekufa zamani. Lakini Elwood hakubisha. Aliitikia kwa kichwa polepole, kwa sababu Harlan Zerbe hajawahi kukosea kwenye kadi, na akaegemea kiti.

"Basi ni mimi," alisema.

Nadine alikiweka kisu chini.

"Baba..."

"Tulikubaliana, Nadine. Niliyasema mimi mwenyewe, hukunilazimisha. Siku vidole vyangu vitakaposhindwa kuzijua kadi zangu, nitaacha kukaa peke yangu, nitakwenda kule kwenye nyumba ya wazee nikalishwe uji. Nilidhani nakutania. Nilidhani siku hiyo haitakuja."

"Hakuna anayekuharakisha."

"Wewe unaniharakisha tangu mwaka jana. Mara jiko litaniunguza, mara ngazi zitaniangusha. Sasa umepata ya kweli." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemrudishia jirani ngazi yake. "Wapigie simu. Waambie nitakuja."

Nyumba hii Elwood aliijengea baraza kwa mikono yake. Anajua kila ubao unaolia. Akitolewa humu na kupelekwa kwenye chumba cha watu wawili kule juu ya kilima, hatamaliza mwaka, na kila mtu aliyeko jikoni alilijua hilo.

"Pole, rafiki yangu," Elwood alimwambia, akinyoosha mkono kumtafuta. "Nimekuharibia Jumamosi yako."

Harlan akaushika ule mkono. Afadhali angepigwa nao.

"Sikiliza, kuna jambo nilikuwa nakuwekea," Elwood aliendelea. "Sasa naona nikupe tu. Ile kadi ya Rademaker, nimeshamwambia Nadine, siku nikiondoka ipelekwe kwako. Najua unavyoitaka. Umeniomba mara ngapi tubadilishane, na mimi nakukatalia kwa makusudi, nakusikia unavyohema. Nilikuwa nafurahi. Lakini ni yako, Harlan. Ilikuwa yako siku zote."

"Ni kweli," Nadine alisema. "Alinieleza wakati wa Krismasi."

Unaweza kuiba kitu chako mwenyewe? Harlan alikuwa ameweza.

Alisimama ghafla, kiti kikalia. "Nimeacha dawa zangu za presha kwenye gari," alisema. "Nakuja sasa hivi. Nadine, usipige simu kwanza."

"Kwa nini nisipige?"

"Usipige tu."

Alivuta koti, akatoka. Nje kulikuwa na baridi kavu na jirani alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake. Harlan alimpungia mkono, akaingia kwenye pikapu, akafunga mlango, akatoa lile kasha la plastiki.

Hesabu yake ilikuwa rahisi, hesabu ya mwizi anayetaka kutubu bila kusikika. Atairudisha. Atamwambia Elwood ajaribu tena, atamwekea Korongo mkononi, ukucha wa babu utamlaki mjukuu wake, Elwood atacheka, Nadine atanyamaza, simu haitapigwa. Na yeye Harlan hatasema kitu mpaka anaingia kaburini.

Ila kuna shida moja. Kadi iliyofungiwa haipapasiki. Plastiki ile imeunganishwa kwa moto pande zote, haina kifungo wala bawaba, na wanaofanya hivyo wanajisifu kuwa haifunguki. Alitaka ilindwe milele, na ililindwa.

Alichukua koleo kwenye sanduku la zana. Aliibana pembe ya kasha, akageuza. Haikutoka. Akabana tena, jasho linamtoka kwenye baridi ile, huku akijua kwamba pembe ya kadi iko karibu kabisa na meno ya koleo. Plastiki ilipasuka kwa mlio, kipande kikaruka kikagonga kioo cha mbele, kingine kikamkata gumba. Gumba lile lile la kulia.

Kadi iliteleza ikaangukia pajani. Nzima. Rademaker alimwangalia kwa masikio yake.

"Usinitazame hivyo," Harlan alimwambia.

Alifunga kidole kwa leso, akavikusanya vipande vya plastiki akavisukuma chini ya kiti, akaiweka kadi ndani ya kiganja na kurudi ndani.

Nadine alikuwa ukumbini, amempa mgongo, anaongea kwa simu. Hakumngojea. "Ndiyo, ni baba yangu. Hapana, amekubali mwenyewe, leo hii," alisikika akisema. Jikoni Elwood alikuwa peke yake, mikono imelala mezani, kadi ya Nyota mbele yake, ufunguo wa kabati wenye utepe wa kijani kando ya birika ya kahawa pale Harlan alipouacha asubuhi.

Harlan alikaa. Mkono wake mmoja ukachukua Nyota ukaitia mfukoni, mwingine ukaweka Korongo. Mambo mawili kwa pumzi moja, jikoni kwa mtu asiyeona. Ilikuwa rahisi vile vile kama mara ya kwanza.

"Elwood, mzee wangu. Asubuhi vidole vina baridi. Jaribu tena, kwa ajili yangu."

"Acha, Harlan. Unanionea huruma."

"Jaribu tena, mbishi wewe. Nimekuomba nini tena maishani?"

"Umeniomba Rademaker maisha yako yote," Elwood alisema, na hapo alitabasamu kidogo. Akapeleka mkono mezani, akaipata kadi, akaiokota kwa ncha za vidole kama watu wa kadi wanavyofanya. Gumba likatembea juu ya ukingo. Likafika kwenye pembe. Likaingia.

Uso wa Elwood ulifunguka. Harlan hakuwa ameuona uso ule tangu macho ya rafiki yake yafe. Ulikuwa uso wa mtoto aliyefunguliwa mlango na babu yake.

"Ndiyo," Elwood alinong'ona. "Ndiyo, huyu hapa. Huyu hapa mzee."

Harlan alifumba macho. Asante Mungu, alisema moyoni, na alikuwa na ujasiri wa kumwita.

Halafu ule uso ukajifunga tena, taratibu, na huo ndio ubaya wenyewe, kwamba ulikwenda taratibu.

"Nadine," Elwood aliita. "Njoo hapa."

Nadine alikuja, simu imeshushwa begani.

"Kadi hii imetoka mezani?"

"Hapana, baba. Iko hapo hapo ulipoiacha."

"Dakika chache zilizopita niliishika nikasema si yangu. Ningeapa mahakamani. Sasa nimeishika hiyo hiyo, na ningeapa mahakamani kwamba ni yangu." Aliiweka chini kwa upole. "Kama ningekosea tu, ningesema ni vidole. Lakini kitu kimoja, mambo mawili. Hapo si vidole. Kichwa kimekwenda."

"Hapana," Harlan alisema.

"Bwana, usinibembeleze. Mama yangu alianza hivyo hivyo. Asubuhi mimi ni mwanawe, mchana mimi ni mtu aliyekuja kusoma mita ya gesi." Aliisukuma kadi mbali kidogo. "Waambie waje leo, Nadine. Leo, kabla sijasahau kwamba nimekubali."

Nadine alipeleka simu sikioni. Jicho lake likashuka mezani. "Anko Harlan, unatoka damu."

Kweli, leso ilikuwa imelowa, tone limeangukia kitambaa cha meza karibu na pai.

"Umejikata na dawa ya presha?" aliuliza.

Harlan alitazama lile tone. Alitazama mikono ya rafiki yake, ambayo ilikuwa imeanza kupapasana yenyewe, kidole kimoja kinakikagua kingine, kama inatafuta mwenye kosa kati yao. Kilichomvunja ni mikono ile, siyo damu na siyo swali la Nadine. Vidole vile havikuwa na kosa. Havikuwahi kuwa na kosa hata siku moja, na yeye ndiye aliyevitolea ushahidi wa uongo.

Alitia mkono mfukoni, akatoa Rademaker wa Nyota, akamweka mezani kando ya Rademaker wa Korongo.

"Kata simu, Nadine. Elwood, lete mkono. Shika hii. Sasa shika hii."

Elwood akashika moja. Akashika nyingine. Gumba likaenda, likarudi, likaenda tena.

"Ziko mbili," alisema.

"Ziko mbili. Ya kwanza ni yangu, ya Nyota, ukucha niliupiga mimi. Ya pili ni ya babu yako. Niliichukua kabatini kwako na kukuachia ile. Asubuhi ulikuwa sahihi, na sasa hivi uko sahihi. Kichwa chako hakina kasoro. Mimi ndiye mwizi."

Nadine alikata simu bila kuaga.

"Uliniambia ni yenyewe," Elwood alisema.

"Nilikudanganya."

"Nimekaa hapa naiaga nyumba yangu, na wewe umenishika mkono."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya pengo kwenye albamu."

Ndiyo ilikuwa kweli, na ilikuwa ndogo kiasi kwamba Harlan aliona aibu kuirudia. Alitaka kulia na akaona kulia nako ni kuomba kitu.

Elwood alikuwa anafikiri, na alipofikiri kichwa chake kiliinamia upande mmoja, kama zamani alipokuwa anasoma. Kisha akasema jambo ambalo Harlan hakulitegemea.

"Kwa hiyo hata zile nyingine haukuwa uzee."

"Zipi?"

"Zile kadi mbili za mwanzo wa baridi hii. Mrushaji mwenye kofia iliyochanika, na yule kijana wa timu ya Scranton. Nilizishika nikaona ngeni. Nikanyamaza. Niliogopa kukuuliza, usije ukamwambia Nadine, nikahamishwa." Aliipapasa tena ile kadi ya babu. "Nimelala vibaya tangu wakati huo, Harlan. Nilikuwa najisemesha majina ya wajukuu gizani, kujipima. Ungeniambia hata wakati huo."

"Elwood, hizo sikuchukua."

"Harlan."

"Naapa. Nimechukua moja. Moja tu."

Sikiliza jinsi inavyosikika, msomaji. Mtu ametoka kukiri wizi, damu ya wizi bado iko kwenye leso yake, na anaapa kwamba kaiba moja tu. Harlan mwenyewe aliisikia, akajua kwamba asingejiamini.

"Amechukua zote," Nadine alisema. Alisema upesi, kabla hajaulizwa. "Nani mwingine anazijua? Ni yeye, baba. Kila Jumamosi anaketi hapo hapo."

"Inawezekana," Elwood alisema. "Tutajua sasa hivi. Nadine, fungua kabati. Lete zote, nitazipapasa moja moja, mpaka ya mwisho. Sasa najua vidole vyangu ni vizima."

Hakuna aliyesogea.

"Nadine?"

"Ufunguo sijui uko wapi, baba. Asubuhi alikuwa nao yeye."

Harlan alitazama kando ya birika ya kahawa. Palikuwa patupu. Akainua macho polepole mpaka kwenye mkono wa Nadine, ule ambao haukushika simu. Alikuwa ameukunja ngumi kifuani, na katikati ya vidole vyake kilichungulia kipande cha utepe wa kijani. Nadine alimtazama Harlan machoni bila kupepesa. Hakujisumbua hata kuuficha vizuri.

Miaka yote hii, kila kitu kilipopotea ndani ya nyumba hii, Elwood aligeuza uso upande wa Harlan na kusema lile neno lake, unaona nini, rafiki yangu? Harlan alisubiri. Alikuwa na jibu, na safari hii lilikuwa la kweli.

Elwood aligeuza uso upande wa binti yake.

"Basi tafuta, mwanangu," alisema. "Huyu usimwulize."